Kipande cha Mfungua Maji

Nimechoka kuulizwa jina lake. Kila ninapomtaja, lazima mtu aulize alikuwa mwana wa nani, wa ukoo gani. Jina lililokuwa kwenye karatasi zetu halikuwa lake, kama nitakavyoeleza, na jina lake mwenyewe sikuwahi kulisikia. Mji mzima ulimwita Mfungua Maji. Mimi nilikuwa karani wa ofisi ya maji pale Dodoma, enzi za Mwingereza, na sehemu ya kazi yangu ilikuwa kumtia alama kila asubuhi kwamba yupo. Nilimtia alama miaka minane. Halafu, kwa kutaka kumtendea wema, nikampotezea kiinua mgongo chake.

Ufunguo wake ulikuwa fito ya chuma yenye mpini uliokingama juu, na ukiusimamisha chini ulimfika kiunoni. Ncha yake iliingia kwenye vishimo vyenye vifuniko, mjini kote, na humo ndimo mabomba yalimofungiwa na kufunguliwa. Kiangazi, visima vikipungua, maji yaligawanywa kwa zamu. Watu wa mtaa wa Majengo walipata maji kwa muda wa saa mbili asubuhi na muda wa saa moja jioni. Uzunguni hapakuwa na zamu. Alitembea na ufunguo begani kutoka tangi la kilimani hadi Majengo, kutoka Majengo hadi stesheni, kisha akarudi njia ileile kufunga alichofungua. Wenye maduka walikuwa wakimwona anapita wanajua ni saa ngapi, na sijui kama kuna aliyewahi kumwona amechelewa.

Miguuni alivaa makatambuga ya tairi. Hili la miguu ndilo pekee nililomsikia akilalamikia. Mshahara hakuutaja, posho ya unga na maharage ya Jumamosi aliipokea bila kuipima, lakini viatu alividai kila mwaka.

"Karani, andika tena. Waambie miguu inauma."

Nikaandika. Jibu likarudi lilelile: kibarua hana fungu la viatu. Fungu alilokuwa nalo ni koti la mvua, moja kila mwaka, refu, zito, lenye kofia ya kufunika kichwa mpaka machoni. Nalo lilifika mwezi wa sita, vumbi likiwa limejaa mbinguni na ardhini.

"Basi waambie nitalivaa miguuni," alisema, akalikunja, akaenda nalo.

Kwa wasioijua kazi ya kipande, nieleze upesi, maana ukiikosa hiyo hutanielewa. Kipande kilikuwa kadi yenye visanduku thelathini. Kila siku uliyofanya kazi, karani alitia alama katika kisanduku kimoja, na vyote vikijaa ndipo ulipolipwa. Ukiugua, hakuna alama. Ukifiwa, hakuna alama. Jumapili hakuna alama, ingawa Mfungua Maji alifungua maji Jumapili vilevile, kwa sababu akina mama wa Majengo walipika Jumapili kama siku nyingine. Kwa hiyo mwezi wake ulikuwa na siku thelathini na tano, pengine arobaini. Sisi tuliokuwa tukiitwa watu wa mwezi tulilipwa mwezi ukiisha, tumefanya kazi au tumelala na homa. Tulikuwa na likizo, tulikuwa na dawa, na mwisho wa yote tulikuwa na kitu cha kwenda nacho nyumbani. Fundi mkuu, Mhindi mmoja mpole aliyezaliwa hapohapo Dodoma nyuma ya duka la babake, alikuwa kwenye daraja la peke yake. Mzungu wetu, Bwana Maji, mshahara wake hatukuujua na hatukuthubutu kuukisia. Nakumbuka siku moja bomba limepasuka karibu na soko, tumesimama wanne tunalitazama, na maji yanatulowesha sote sawasawa.

Alikuwa na tabia ya kubishana na methali. Siku moja mwanamke wa Majengo aliteleza na debe lake likamwagika lote, na mzee mmoja aliyekuwa kwenye foleni akasema, kama watu wanavyosema, maji yakimwagika hayazoleki.

Mfungua Maji aliegemea ufunguo wake. "Nani kakwambia? Kwetu yanazoleka. Nenda korongoni, chimba mchanga, utayakuta."

"Ni methali tu, baba."

"Basi aliyeitunga alikuwa na mto."

Watu walicheka, naye hakucheka. Kwao mito hupita juu wiki chache za mvua, kisha huingia mchangani, na watu huifuata huko kwa majembe na vibuyu. Alikulia kwenye maji ya namna hiyo na hakutaka mengine. Maji ya bomba, aliyoyafungulia mji mzima, hakuyanywa hata tone. Alikuja na kibuyu chake kutoka nyumbani, maji mekundu kidogo, yenye mchanga chini. Nilipomuuliza alisema maji yaliyopita kwenye chuma yanajifanya yana cheo. Tangi likasafishwa, dawa ikatiwa, Bwana Maji akamwonyesha glasi safi kwa fahari, naye akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akamwagia mche uliokuwa mlangoni.

Alikuwa mkali. Saa ikifika, anafunga. Nimesikia akina mama wakimlilia, "Baba, debe langu limefika nusu," naye anazungusha ufunguo polepole huku akijibu, "Nusu ya leo, nusu ya kesho." Wapo waliomchukia kwa hilo, na sikuwalaumu. Lakini mtu akifa Majengo, awe Mwislamu, Mkristo au mtu wa mizimu, bomba la mtaa ule lilikutwa limefunguliwa kabla ya jeneza kutafutwa, na halikufungwa mpaka watu watawanyike. Hakuna aliyemtuma, na hakuwahi kulisema ofisini. Niliona mwenyewe siku tulipofiwa na jirani yangu, nikanyamaza. Maji ya maiti hayangojei zamu, ndivyo alivyoniambia baadaye, na akaniomba nisiandike.

Sasa nifike kwenye kosa.

Vibarua wetu wengi walikuwa Wagogo wa vijiji vya kando ya mji, na mvua ya kwanza ikianguka waliondoka. Si uvivu. Nyumba ambayo haikulima mwezi wa kwanza, mwezi wa nane inakula majani. Walitua sururu zetu wakaenda kushika majembe yao, na mvua zilipokwisha walirudi kuandikishwa upya, kama wageni. Mtu angeweza kufanya kazi kwetu miaka ishirini, na kwenye karatasi asizidi miezi saba. Mfungua Maji peke yake hakuondoka. Kiangazi yupo, masika yupo, kipande baada ya kipande, hakuna pengo hata la wiki. Bwana Maji alikuwa akimtolea mfano. "Mtu mmoja tu," alisema, "mtu mmoja tu katika wote hawa anajua maana ya kazi."

Walikuwa watu wawili.

Alikuwa na mdogo wake, tumbo moja, sura moja, mwendo mmoja. Mkubwa ndiye niliyekuwa nikimweleza mpaka hapa. Yeye alishika ufunguo kuanzia mavuno mpaka mawingu, huku mdogo akichunga ng'ombe na mbuzi. Mvua zikianza, mkubwa alikwenda kulima, kwa sababu shamba lilimzoea, na mdogo alikuja mjini kushika ufunguo. Alivaa koti la mvua lenye kofia mpaka machoni. Hilo koti tulilolicheka ndilo lililowafaa, na nadhani ndiyo haki pekee ya Serikali iliyowahi kufanya kazi zaidi ya ilivyokusudiwa.

Mimi nilijua? Nilijua. Majengo yote ilijua, fundi mkuu alijua. Mdogo alikuwa mkimya, na mkubwa hakuweza kunyamaza kwa dakika tano. Lakini ofisini kwetu kulikuwa na desturi ambayo sikuianzisha mimi: asubuhi ufunguo ukitoka ukutani, alama inatiwa. Nilitia alama ufunguo, sikutia sura. Na jina kwenye kipande lilikuwa la baba yao, kwa hiyo likiitwa, yeyote kati yao aliitika na hakuwa amesema uongo. Kazi ilifanyika, maji yalifunguka. Nani angelalamika?

Kisha ukaja waraka. Ulisema kibarua aliyetimiza miaka kumi bila kukatiza atapewa kiinua mgongo akiacha kazi. Niliusoma mara tatu, nikahesabu vipande kwenye sanduku, na nikaona kwamba katika ofisi nzima ni mtu mmoja tu unaomhusu. Magoti yake yalikuwa yameanza kukataa kilima cha tangi. Nilimwita nikamsomea. 

"Fedha hizo zinafika ng'ombe wangapi?" aliuliza.

Nikamwambia kadiri nilivyokisia.

"Zinamtosha mdogo wangu." Akanieleza, kwa sauti ya chini, kwamba yeye alioa kwa mishahara ya mwanzo ya kipande kile, na mdogo wake alingoja. Kila mwaka kulikuwa na jambo: njaa, maradhi ya ng'ombe, msiba. Binti aliyekuwa akitazamiwa aliolewa na mwingine. Sasa kulikuwa na mwingine, mjane kijana, na wazee wa kwao walikuwa wamekubali kungoja mpaka mavuno. "Miaka kumi na moja anabeba upande mmoja wa mzigo huu, karani. Ng'ombe zake zimo humu ndani." Akagusa kipande kwa kidole.

Niliijaza fomu kwa mwandiko wangu bora kuliko wote. Nilikuwa na mwandiko mzuri, na nilikuwa na kiburi nao. Fomu ilitaka idadi ya miaka na alama ya dole gumba la mwombaji, basi. Lakini mimi niliona haitoshi. Nikasema, Bwana akiona kipande cha kwanza kabisa, kile cha miaka kumi na moja iliyopita, hatakuwa na shaka. Nikakitafuta kabatini, nikakipata chini ya vumbi, nikakibana nyuma ya fomu kwa pini mpya.

Fundi mkuu alikuwa amesimama mlangoni akifuta mikono kwa kitambaa. Alikitazama kile kipande cha zamani.

"Hicho wamekiomba?"

"Hawajakiomba. Ni cha kuongeza nguvu."

"Karani," alisema, "aliyelala usimwamshe."

"Ukimwamsha utalala wewe," nikamalizia, nikicheka. Nilidhani ananitania. Alinitazama kidogo, akaenda zake. Mpaka leo najiuliza kwa nini hakusema neno moja zaidi, na kwa nini mimi sikuuliza.

Siku ya kutia dole, Mfungua Maji alikuja amenyoa. Bwana Maji alimpa mkono, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akamwambia maneno mazuri kwa Kiswahili chake cha kuamrisha. Mzee akabonyeza dole gumba kwenye wino, akabonyeza kwenye karatasi. Alama ikatoka safi, mistari yote mizima. Bwana Maji akageuza ukurasa, akakutana na kipande changu cha kuongeza nguvu, chenye dole la siku ya kwanza. Dole lile lilikuwa na kovu lililolikata katikati, kutoka pembe hadi pembe.

Nikakumbuka mwezi uliokuwa umeandikwa juu ya kipande kile. Ulikuwa mwezi wa kwanza. Nafasi ya kufungua maji ilipatikana msimu wa kulima, mkubwa alikuwa shambani, na aliyekuja kuandikishwa ni mdogo, ambaye alijikata kwa shoka utotoni. Halikuwa jambo la siri kwao. Walikuwa wamelisahau tu, kama mtu anavyosahau ni mguu gani aliutanguliza kuingia nyumbani.

Bwana Maji hakupiga kelele, na ningependa kusema alikuwa mtu mbaya, lakini hakuwa. Aliuliza, naye mzee akajibu yote bila kuficha, akidhani ukweli ungesaidia. Alieleza zamu yao kama mtu anayeeleza ratiba ya mabomba. Alisema mdogo yuko nyumbani, aletwe, dole lake litalingana. Bwana Maji alishika kichwa. Alionekana amechoka kuliko sisi.

"Nimpe nani?" aliniuliza mimi. "Huyu ninamjua, na alama si yake. Yule alama ni yake, na simjui. Hakuna hata mmoja aliyetimiza mwaka."

Hapo ndipo palikuwa na nafasi ya kusema. Ningeweza kusema kazi ilifanyika siku zote, maji yalifunguka siku zote, basi wapewe wagawane. Ningeweza kusema mimi ndiye niliyetia alama. Neno hilo la pili ndilo lililonifunga mdomo. Nilikuwa mtu wa mwezi, nina mke na mtoto mchanga, na aliyetia alama za uongo miaka minane alikuwa amekaa pale na kalamu mkononi. Niliogopa. Nilitazama meza, na Bwana Maji akachukua ukimya wangu kuwa jibu.

Hakuwashtaki. Alisema kipande kifungwe, mzee alipwe siku zake zilizokwisha ingawa kipande hakijajaa, na ufunguo apewe mwingine. Mzee aliutoa begani, akautundika ukutani mahali pake, akausogeza kidogo ukae sawa.

"Jioni Majengo msichelewe," aliniambia. "Wiki hii zamu yao ni fupi."

Aliondoka bila kungoja malipo. Kipande chenyewe alikuwa nacho mfukoni na hakuna aliyekumbuka kumdai. Fedha zake nilizishika mpaka mwisho wa mwezi, nikatuma salamu kwa watu wa kwao, hakuja, na kanuni ikataka zirudi sandukuni. Zikarudi. Jioni ile Majengo walicheleweshewa maji.

Fundi mkuu hakunikumbusha methali yake hata siku moja. Alianza tu kuniita "bwana karani", na nilijua maana yake.

Miaka miwili baadaye, Mwingereza akiwa bado yupo, nilipata likizo yangu ya haki, yenye malipo, nikapanda lori la mizigo kwenda kwa mama yangu upande wa Chemba. Kabla hatujafika mbali na mji injini ikachemka. Dereva alisema rejeta imekauka na akatutuma tukaulize maji kwenye korongo lililokuwa karibu. Nilishuka na debe. Korongo lilikuwa mchanga mtupu, jeupe la jua, na katikati yake mtu amesimama ndani ya shimo linalomfika kifuani, anatoa mchanga kwa kibuyu kilichopasuliwa.

Nilimjua kwa mgongo. Nilitaka kurudi. Debe likanigonga goti, naye akageuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, karani. Umekuja kupima bomba?"

Nikajaribu kucheka. Alionekana amepungua, au shimo lilimfupisha. Nilimuuliza habari za nyumbani, akanipa habari za mvua. Nilimuuliza habari za mdogo wake.

"Amekwenda mkonge, huko Kilosa. Yule mjane wakwe hawakungoja." Alitoa mchanga mara mbili, tatu. "Ana kipande chake mwenyewe sasa. Jina lake, dole lake, kila kitu. Mwezi huu ni wa ishirini hajarudi."

"Na kulima?"

"Ninalima. Na kuchunga. Na haya." Akaonyesha shimo. "Siku zinagongana."

Nikamwambia nililokuwa nimelibeba. Nilisema ni mimi niliyekibana kipande kile cha kwanza, hakuna aliyekiomba, na kwamba siku ile niliogopa kufungua mdomo. Nilisema vibaya, jua likinipiga utosini. Nilimwomba radhi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainama, akangoja maji yajikusanye chini ya shimo, akachota kata moja, akanipa. Yalikuwa mekundu kidogo, baridi, yenye mchanga. Nikanywa yote. Akachukua debe langu akaanza kulijaza, kata baada ya kata, polepole, na halikuwa jambo la dakika chache. Hakuishia nusu. Alilijaza mpaka juu.

Halafu akajipangusa mikono, akatoa kutoka kwenye pindo la shuka kitambaa kilichokunjwa, na ndani ya kitambaa ile kadi. Ilikuwa imechakaa pembeni, lakini alama zangu zilisomeka vizuri, kwa ule mwandiko wangu. Ishirini na sita.

"Zilibaki nne," alisema. "Kipande kisichojaa hakilipwi. Si ndiyo?"

"Ndiyo, mzee."

"Leo nimekufungulia maji." Akanisogezea kadi juu ya ukingo wa shimo. "Tia moja."

Dereva alikuwa akipiga honi. Nikatoa kalamu, nikapiga magoti mchangani, nikatia. Zikabaki tatu.